"Horse around", "fool around", "monkey around" au "kidding": lipi la kumwambia mgeni?

Anayefanya kazi na wageni hapa Malindi, awe wa boti, wa hoteli, wa kutembeza watu kwenye magofu ya Gede au wa kuuza vinyago, Kiingereza chake hukipata mara mbili. Cha kwanza ni cha darasani, ambacho kwenye habari za mchezo na mzaha kina "play" na "joke", basi. Cha pili ni cha kuokota kwa masikio, wageni wakizungumza wao kwa wao, na hicho ndicho kitamu. Leo mtu husikia "stop horsing around", kesho akasikia "we were just fooling around", akayahesabu yote kuwa ni kucheza tu, kisha akashika lile lililo jepesi mdomoni.

Nayaandika haya kwa ajili ya huyo. Katika misemo minne inayosikika sana, upo mmoja unaoweza kumpotezea kijana kazi kwa jibu la sentensi moja, na upo mwingine unaoweza kumuumiza mgeni ambaye hakukosa lolote. Iliyobaki miwili ni ya kumfaa kila siku, mradi ajue pa kuitumia.

Ya kuyapimia

Kila msemo nitauuliza mambo yaleyale. Kinachochezwa ni nini: mwili, kitu au maneno? Ukali wake ukoje, yaani ukimwambia mtu atacheka, atanyamaza au atanuna? Mtego wake uko wapi, maana mingi ina maana ya pili iliyojificha? Na unamfaa nani kuutamka?

Liko swali moja ambalo hutangulia yote, nalo ni kama Kiingereza ni lugha ya huyo mgeni mwenyewe. Malindi ni mji wa Wataliano tangu zamani, na Mtaliano wa kawaida amejifunza Kiingereza darasani kama wewe. Ukimwambia "horsing around" atatafuta farasi. Kwa hiyo yote yanayofuata ni ya Mwingereza, Mmarekani, Muaustralia na wenzao, pamoja na Wakenya wenzetu wanaokuja na watoto wanaozungumza Kiingereza nyumbani.

"Horse around"

Kinachochezwa hapa ni mwili. Ni kusukumana, kukimbizana, kurukiana migongoni, kumwagiana maji, kupigana mieleka ya uongo. Mtu aliyeketi akisimulia vichekesho hata avunje watu mbavu haambiwi anafanya "horsing around", kwa sababu mikono na miguu yake imetulia. Jina la kitendo chenyewe, "horseplay", limo katika Kiingereza tangu karne ya 16. Kitenzi kilikuja baadaye sana, kutoka Marekani. Mwingereza pengine atasema "horse about", na maana ni ileile.

Ukali wake ni mdogo, na hapo ndipo uzuri wake ulipo. Anayeutamka anakubali kwamba hao wanaocheza hawana nia mbaya, ila mahali hapo si pake. Ndiyo maana umeingia hata katika kanuni: mabango ya mabwawa ya kuogelea huandikwa "No horseplay", na kanuni za usalama kazini huko kwao hulitumia neno hilohilo kuwakataza wafanyakazi kufanyiana michezo karibu na mashine.

Tazama unavyofanya kazi. Boti yenye kioo chini imetoka ufuo wa Kasuarina, imeingia ndani ya hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968, imefika juu ya matumbawe. Nahodha amepunguza mashine. Abiria wote wanainamia kile kioo cha katikati, na watoto wawili wa mgeni wanaanza kugombania nafasi ya kuona samaki. Mmoja anamsukuma mwenzake kwa bega, mwenzake anapanda juu ya benchi, chombo kinalala upande. Baharia akisema "Stop playing", mzazi atasikia kwamba watoto wake wananyimwa raha ambayo amewalipia. Akipaza sauti "Sit down!", ameamrisha familia nzima. Lakini akisema kwa uso mkunjufu, "Guys, no horsing around on the boat, please," amesema kitu ambacho baba yao mwenyewe huwaambia nyumbani. Mara nyingi baba huyo atamalizia kazi iliyobaki, na baharia atarudi kwenye nanga yake.

Mtego ni mmoja tu, nao ni umri. Msemo huu ni wa watoto, vijana, na watu wazima walioamua kufanya utoto. Mzee aliyesimama kwenye boti apige picha hafanyi "horsing around". Kumwambia hivyo ni kumvunjia heshima, tena mbele ya wajukuu zake. Huyo huombwa akae, kwa "sir" au "madam", na sababu akaelezwa.

Unawafaa mabaharia, walinzi wa bwawa, waangalizi wa watoto hotelini, na dereva wa tuktuk aliyebeba vijana wanaoning'inia nje.

"Fool around"

Hapa ndipo nitakapokaa kidogo, kwa sababu msemo huu ndio unaopendwa zaidi na vijana wetu na ndio wenye shimo refu.

Kinachochezwa ni chochote, na ndiyo shida yake. Unaweza kuwa mchezo wa mwili, unaweza kuwa kupoteza wakati, unaweza kuwa kuchezea kitu bila nia maalumu. Mpiga gitaa wa bendi ya hotelini akikwambia "I was just fooling around with a tune," anamaanisha alikuwa akijaribujaribu muziki, na hayo ni maneno mazuri kabisa, ya mtu asiyejikweza. Mwalimu akiliambia darasa "Stop fooling around," anawataka wafanye kazi. Hapo pia hakuna neno.

Ukali wake umezidi ule wa kwanza, kwa sababu "fool" ni mjinga, na ujinga huo haujafutika kabisa ndani ya msemo. Anayeambiwa aache "fooling around" anaambiwa kwamba anawachelewesha wenzake. Bosi humwambia mfanyakazi, rafiki humwambia rafiki. Mfanyakazi kumwambia mgeni ni kuvuka mpaka.

Sasa mtego. Pindi wanaotajwa ni watu wazima wawili, au mtu mzima na msichana, msemo huu hugeuka. Mmarekani akisikia kwamba fulani na fulani "were fooling around", la kwanza kumjia kichwani ni kwamba walikuwa wakishikanashikana kimapenzi. Ukisema mume wa mtu "is fooling around", umesema ana hawara. Neno dogo "with" huzidisha hatari: "fooling around with the radio" ni kuchezea redio, lakini "fooling around with" ikifuatiwa na jina la mtu ni habari nyingine kabisa.

Fikiria kijana wa animesheni, yaani mwenye kazi ya kuwaburudisha wageni hotelini, ambaye mchana kutwa amewachezesha watoto wa wageni, akiwamo binti wa miaka 14. Wamecheza voliboli ufuoni, wamekimbizana na mawimbi, kila mtu amefurahi. Jioni mama wa binti anamkuta karibu na mgahawa na kumuuliza siku imekwendaje. Kijana, kwa furaha na kwa Kiingereza chake kizuri, anajibu: "Great! I was fooling around with your daughter on the beach." Kichwani mwake amesema "nilikuwa nikicheza na binti yako". Masikioni mwa mama imeingia sentensi ambayo kwao huweza kumfikisha mtu polisi. Uso wa mama utabadilika na kijana hatajua kwa nini, wala hakuna atakayemwelekeza. Kitakachofuata ni yeye kuitwa kwa meneja.

Angesema "We played volleyball", yangekwisha hapo. Nawasihi wote wanaoshughulika na watoto wa watu: mchezo utaje kwa jina lake. Kama ni mpira sema mpira, kama ni kuogelea sema kuogelea, kama ni kujenga kasri la mchanga sema hivyo. Mzazi anataka kujua mwanawe amefanya nini, na jina la mchezo humtuliza kuliko msemo wowote.

Kwa hiyo msemo huu unamfaa anayezungumza juu ya vitu na kazi: mwanamuziki, fundi, mwalimu, wafanyakazi wenyewe kwa wenyewe. Anayezungumza juu ya watu na ausikie, auelewe, lakini asiutamke.

"Monkey around"

Kinachochezwa ni kitu, kwa utundu wa mikono. Mtu hufungua asichopaswa kufungua, hubonyeza asichokijua, huzungusha kilichokuwa kimekaa sawa. Ukiongezwa "with", maana huwa kali zaidi: "Don't monkey with the engine" ni kule nahodha kumwambia baharia mgeni kazini, "Mwanangu, wacha mchezo na mashine." Iko pia "monkey business", ambayo ni hila za kichinichini, kama pale mhasibu anapoona hesabu za duka hazikai.

Ukali wake, ukisemwa juu ya mashine, ni wa wastani, na mara nyingi huambatana na kicheko.

Ukisemwa juu ya watu, mtego wake unauma. Pale Gede, katika magofu ya mji wa Waswahili ulioachwa na watu wake karne ya 17 na ambao tangu 2024 umo katika urithi wa dunia wa UNESCO, kima wamezoea wageni kupita kiasi. Huteremka hadi njiani na kunyakua ndizi mkononi. Watoto nao wakianza kuwaiga, kupanda kuta na kurukaruka, mtembezaji hushawishika kusema kwamba watoto "are monkeying around". Inaonekana ni mzaha uliojileta wenyewe, kwani kima hao hapo. Na familia ya Kiingereza ya kizungu huenda ikacheka kweli, kwani kwao "cheeky monkey" ni jina la kumdekeza mtoto mtundu.

Lakini mbele ya familia ya Wamarekani weusi, au Waingereza wenye asili ya Afrika au Karibi, neno hilo limebeba mambo mengine. Mtu mweusi kuitwa nyani ni tusi la kibaguzi la miaka mingi. Wachezaji weusi katika viwanja vya Ulaya wamepigiwa kelele za nyani na kurushiwa ndizi, na watu hao wameyaona hayo kwa macho yao. Kwamba wewe nawe ni mweusi hakulisafishi neno. Sisi wenyewe hatuna haja ya kufundishwa hili, kwa kuwa hata kwa Kiswahili ukimwita mtu nyani umemtukana, na hakuna anayengoja kuuliza ulikuwa na nia gani.

Msemo huu unamfaa fundi, nahodha, mwenye jenereta, na mtu wa mapokezi anayemwelekeza mwenzake asiguse mitambo. Juu ya mtoto wa mtu, hapana, hata kama mzazi mwenyewe ameanza kuutumia. Yeye ana ruhusa kwa mwanawe.

"Kidding", pamoja na "pulling my leg"

Kinachochezwa ni maneno peke yake, na kwa mtu wa biashara huu ndio wenye faida nyingi.

"I'm kidding", au "just kidding", hulirudisha neno lililokwisha kutoka, na msemo wenyewe hauna ukali wowote. Kwetu jambo hili lina njia nyingine. Watani wanajulikana: babu na mjukuu, mashemeji, makabila yenye utani wao tangu enzi za wazee. Babu anamwita mjukuu wake wa kike "mke wangu" na nyumba nzima inacheka, bila mtu kulazimika kutangaza kwamba anatania, kwa sababu udugu wenyewe umetoa ruhusa. Mwingereza hana mpangilio huo. Kwake kinachotoa ruhusa ni uso, sauti, na hilo neno "kidding" lenyewe. Basi ukitania na mgeni, litamke, usimwachie akisie. Na ule utani wa babu na mjukuu usiutafsiri kamwe kwa mgeni asiyetujua, wala usimwite binti yake "my wife" ukidhani ni ukaribu.

Mtego uko katika kuusikia zaidi kuliko kuusema. Mgeni anashika kinyago, anauliza bei, unamwambia shilingi 4,500, anasema "You're kidding!" Muuzaji aliyeutafsiri neno kwa neno anasikia "unanitania", anakunja uso na kujibu kwa ukavu kwamba hafanyi mzaha na kazi yake. Mgeni naye anakirudisha kinyago taratibu na kuondoka. Kumbe hakumshtaki mtu, ameishtukia bei, na huo ulikuwa mlango wa kupatana. Hapo ucheke kidogo, ukamwambia "No, but for you we can talk," ukaendelea.

"No kidding?" ni "kweli?" tu ya mtu aliyependezwa na habari. Ila "You've got to be kidding me" iliyotamkwa polepole na mtu aliyeambiwa chumba chake hakina maji, hiyo ni hasira. Usicheke kabisa. Omba radhi, tafuta maji.

Ndugu yake ni "Are you pulling my leg?", yaani unanidanganya kwa mzaha? Watembezaji wa Gede huusikia wanapomwonyesha mgeni kaburi lenye tarehe ya mwaka 1399, au vyoo na mifereji ya maji ndani ya nyumba za mawe za karne zilizopita. Mgeni hajakuita mwongo. Amestaajabu, naye anangoja ushahidi, na ushahidi uko mbele yenu ukutani. Mwonyeshe yale maandishi, mpe muda ayatazame.

Kuutamka "kidding" kunamfaa kila mtu, hata mwenye Kiingereza cha kuungaunga. Sharti ni moja, usiutumie kufuta jeraha. Ukisema jambo la kuudhi juu ya unene, umri au fedha za mgeni, "just kidding" haitaliondoa.

Mengine ya kupitia haraka

"Mess about" na "muck about" ni za Waingereza, na ni kupotezapoteza wakati. "Lark about" pia ni yao, ya furaha zaidi. "Goof around" ni ya Wamarekani na haina ubaya. "Clown around" ni ya yule mchekeshaji wa kundi anayejifanya kichekesho ili watu wacheke, na huwezi kukosea ukiutumia kwa mtu anayefanya hivyo makusudi. "Mess around with" ikifuatiwa na jina la mtu, ichukulie kama "fool around with", kwa sababu shimo ni lilelile.

Kwa hali yako

Ukiwa kwenye chombo au pembeni mwa bwawa na watoto wanasukumana, "no horsing around, please" itakutosha, na ukiitanguliza kwa tabasamu ni bora zaidi. Wakiwa ni watu wazima waliokunywa, iache. Waambie hatari yenyewe: kioo, kina cha maji, mkondo.

Unapomweleza mzazi jinsi mwanawe alivyoshinda, usitumie msemo wowote kati ya hii. Taja michezo kwa majina.

Mtu akigusa mashine, "please don't touch" ndiyo ya mgeni. "Don't monkey with it" na "don't fool around with it" ni za wenzako wa kazi, na kati ya hizo mbili mimi ningeshika ya pili, kwa kuwa kazini huwezi kujua nani anasikiliza nyuma yako.

Ukitania na mgeni kisha ukaona hakucheka, "I'm kidding" itamke mara moja na ubadilishe mazungumzo. Ukiirudia mara tatu utaonekana unajitetea. Mgeni akikuambia "you're kidding" dukani, irejelee bei. Akikuambia hivyo mapokezini, ishughulikie shida yake.

Mgeni akiwa Mtaliano, misemo yote hii iweke kando. Neno "scherzo", yaani natania, litamfikia moja kwa moja, na wengi Malindi wanalijua tayari.

Na mwenye hoteli anayetaka kuandika kibao cha bwawani, "No horseplay" ni Kiingereza sahihi, lakini nusu ya wageni wake hawataelewa kilichokatazwa. Aandike "No running, no pushing", chini yake "Vietato correre", na chini yake tena "Usikimbie, usisukume", kwani watoto wa Nairobi nao wanaogelea humo.